Waliberali na walibertaria: muungano wa kudumu au ndoa ya mkeka?

Mdau_Sinza:

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusoma hapa Sinza kimepanga mdahalo mwisho wa mwezi. Mada: je, waliberali na walibertaria wanaweza kujenga muungano wa kisiasa unaodumu, yaani unaovuka uchaguzi mmoja na kufika wa pili ukiwa mzima?

Wanapokutana napajua. Wote hawataki polisi aingie nyumbani kwa mtu bila hati, hawataki gazeti lifungiwe kwa barua, hawataki mtu akae mahabusu mwaka mzima upelelezi "haujakamilika". Wanapoachana napo napajua: kodi, bima ya lazima, ruzuku, kima cha chini cha mshahara. Kinachonishinda ni hesabu ya katikati. Hayo wanayokubaliana yanatosha kubeba serikali? Palipojaribiwa kilivunjika nini, mwaka gani, kwa sababu gani? Na anayetaka kuandika mkataba wa muungano wa aina hiyo aanze na kifungu gani? Naomba mifano yenye majina na tarakimu, wasikilizaji wetu hawamezi maneno ya jumla.

---

Msomi_Kijitonyama:

Mkuu, safisheni maneno kwanza, la sivyo watu watabishana saa nzima huku kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Marekani ukisema "mliberali" unamaanisha mtu anayetaka serikali itoze kodi na kuhudumia: afya, pensheni, elimu. Ujerumani au Uholanzi neno hilohilo ni la mtu wa soko huria na kodi ndogo. Hapa Dar limekuja kivingine kabisa. Wengi walilisikia kwanza ndani ya "uliberali mamboleo", wakaliunganisha na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 na ubinafsishaji uliofuata. Mzee aliyepunguzwa kazi kiwandani miaka ile, ukimwambia uliberali ni kutetea wanyonge, atakushangaa. Mlibertaria ni rahisi zaidi kumweleza: anataka dola ibaki na ulinzi, polisi na mahakama, mengine watu wayapange wenyewe kwa hiari.

Sasa mfano. Nawapa Ujerumani, kwa sababu pale jaribio limefanyika mara mbili na mara zote mbili limevunjikia palepale. (FDP, chama cha soko huria, si chama cha walibertaria kamili, lakini ndicho kilicho karibu nao kati ya vyama vilivyowahi kushika wizara kwa miaka mingi.)

Jaribio la kwanza ni la 1969. SPD ya Willy Brandt, chama cha mrengo wa kushoto wa kati, ilikuwa na viti 224, FDP viti 30, jumla 254 kati ya 496. Uzi mwembamba, lakini ulishika miaka 13. Walishikana kwenye sera ya kupatana na nchi za mashariki, marekebisho ya sheria za jinai na za familia, na kushusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. Uchumi ulikuwa unakua, kila mtu alipata chake. Baada ya misukosuko ya bei ya mafuta fedha ikapungua. Septemba 1982 waziri wa uchumi kutoka FDP, Otto Graf Lambsdorff, akatoa waraka wa kupunguza matumizi ya jamii, na tarehe 17 mawaziri wa FDP wakajiuzulu. Tarehe 1 Oktoba Bunge likamwondoa Kansela Helmut Schmidt wa SPD kwa kura ya kutokuwa na imani, ambayo kwao lazima imtaje mrithi papo hapo, akaingia Helmut Kohl. FDP ililipia: asilimia 10.6 ya mwaka 1980 ikashuka hadi 7.0 mwaka 1983, na baadhi ya watu wa mrengo wake wa kushoto walihamia SPD.

Jaribio la pili, 2021: SPD, chama cha mazingira cha Kijani, na FDP. Tazameni lilivyofaulu upande wa uhuru. Sheria ya uraia ilibadilishwa na tangu Juni 2024 uraia pacha unaruhusiwa, jambo ambalo Watanzania wa ughaibuni wanalidai hapa bila kulipata. Bangi kwa watu wazima ikahalalishwa Aprili 2024. Upande wa fedha likaanguka. Mkataba uliahidi vitu vitatu vinavyokataana: hakuna kodi mpya, kikomo cha deni cha kikatiba kibaki (nakisi ya kimuundo ya serikali kuu isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa), na uwekezaji mkubwa wa tabianchi. Wakaziba pengo kwa kuhamisha kibali cha mkopo wa euro bilioni 60 uliotengwa kwa ajili ya korona kwenda mfuko wa tabianchi. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kibali hicho. Kuanzia siku ile kila mjadala wa bajeti ulikuwa wa kuvutana kamba, mpaka tarehe 6 Novemba 2024 Kansela Scholz alipomfukuza waziri wa fedha, Christian Lindner wa FDP. Uchaguzi wa Februari 2025: FDP asilimia 4.3, chini ya kizingiti cha 5, nje ya Bunge. Ilikuwa na 11.5.

Kwa hiyo jibu langu kwa mada yenu ni hapana. Haki za kiraia zinaunganisha, bajeti inatenganisha, na bajeti huja kila mwaka.

---

Fundi_Bajeti:

Msomi, takwimu zako sina ugomvi nazo, ila hitimisho umeliwahi. Bajeti huvunja muungano ambao haukuandika kanuni ya bajeti kabla ya kuapishwa. Umeruka Uholanzi, na Uholanzi ndiyo inayojibu swali la mwenye mada.

Mwaka 1994 chama cha wafanyakazi PvdA (viti 37), VVD cha soko huria (31) na D66 cha waliberali wa kijamii (24) waliunda serikali ya mseto: viti 92 kati ya 150. Waliiita "ya zambarau", yaani rangi nyekundu ya wafanyakazi na buluu ya VVD zikichanganywa. Ilikuwa serikali ya kwanza tangu 1918 isiyo na chama cha kidini ndani yake. Ilimaliza miaka minne, 1998 ikarudi na viti 97, ikaendelea hadi 2002. Mdau ameuliza muungano unaovuka uchaguzi mmoja na kufika wa pili. Huu hapa.

Ulishikwa na nini? Gerrit Zalm wa VVD, waziri wa fedha kwa miaka yote minane, aliweka kanuni ambayo hadi leo inabeba jina lake. Inafanya kazi hivi. Kwanza, mnakubaliana kiwango cha ukuaji wa uchumi kwa makusudi kilicho chini ya mnachotarajia. Pili, kwa kiwango hicho mnaweka ukomo wa matumizi kwa kila sekta kwa miaka yote minne, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Tatu, mnatenganisha mapato na matumizi: kodi ikiingia zaidi ya makadirio, fedha hiyo haiendi kwenye matumizi mapya, inagawanywa kati ya kupunguza kodi na kupunguza nakisi kwa mgawo ulioandikwa mapema. Nne, wizara ikizidisha matumizi, fidia itoke palepale ilipozidi.

Angalieni hiyo kanuni inawafanyia nini hawa wawili. Mliberali anajua fungu lake la elimu au afya halitaguswa katikati ya mwaka. Mlibertaria anajua serikali haitanenepa kila mapato yakipanda. Ugomvi wote unapiganwa mara moja, wiki za mwanzo, badala ya kupiganwa kila Juni. Ujerumani 2021 hawakufanya hivyo. Walikuwa na kikomo cha nakisi na ahadi za matumizi, na katikati hapakuwa na chochote.

Kuna kiungo cha pili ambacho watu hukisahau. Uholanzi ina ofisi ya serikali ya makadirio ya uchumi, CPB, iliyoanzishwa 1945, na tangu uchaguzi wa 1986 inapiga hesabu za ilani za vyama kabla ya kura. Wanapokaa mezani kila upande unatumia tarakimu zilezile. Ukiwa na muungano ambao mmoja anasema bima itagharimu kumi na mwingine anasema thelathini, na hakuna wa kuamua, hamtafika mbali hata mkipendana.

Gharama nayo niseme, nisije nikaonekana nauza dawa. Mei 2002 wapiga kura waliwaadhibu wote watatu: PvdA kutoka viti 45 hadi 23, VVD kutoka 38 hadi 24, D66 kutoka 14 hadi 7. Vyama vinavyotawala pamoja kwa miaka minane vikiwa vimebeba kulia na kushoto kwa pamoja huacha mwanya, na hasira za uhamiaji na foleni za hospitali zilikwenda kwa chama kipya cha Pim Fortuyn, aliyeuawa siku tisa kabla ya kura. Muungano unaweza kudumu na bado ukavila vyama vilivyomo.

---

Kibanda_cha_Magazeti:

Ongezeni Uingereza kwa ufupi. Liberal Democrats ndani ya chama kimoja wana waliberali wa kijamii na wa soko, tangu vyama viwili vilipoungana 1988. Kabla ya uchaguzi wa 2010 wagombea wao walisaini ahadi ya kutopandisha ada za vyuo vikuu. Wakaingia serikalini na Conservatives, na Desemba 2010 Bunge likapandisha ukomo wa ada hadi pauni 9,000, wabunge wao wakigawanyika. 2015 viti 57 vikawa 8. Funzo kwa mwandika mkataba: kabla ya kusaini, orodhesheni kila ahadi ambayo kila upande umeitoa hadharani kwa saini. Ahadi moja iliyobaki nje ya mkataba inatosha.

---

Wakili_Upanga:

Nimesoma yote, na naona mnadhani muungano ni lazima uwe serikali. Marekani, ambako maneno haya mawili yana watu wengi zaidi nyuma yake, haukuwahi kuwa serikali, na kila ulipojaribiwa kuwa ndoa rasmi ulikufa. Desemba 2006 Brink Lindsey wa Cato Institute, taasisi ya utafiti ya kilibertaria, aliandika makala ya kuwataka walibertaria waachane na wahafidhina waje kwa waliberali. Sababu alikuwa nazo: vita ya Iraq, upelelezi wa raia, matumizi makubwa ya serikali ya Bush. Miaka minne baadaye mjadala wa sheria ya bima ya afya ya 2010 ulikuwa umewarudisha kila mmoja kambini kwake, na Lindsey mwenyewe aliondoka Cato mwaka huohuo.

Lakini mswada kwa mswada, wamefanya kazi kubwa. Julai 2013 Justin Amash wa Republican na John Conyers wa Democrat walileta pendekezo la kuzuia ukusanyaji wa rekodi za simu za raia wote. Lilianguka kwa kura 205 dhidi ya 217, na katika zile 205, Democrat walikuwa 111 na Republican 94. Uongozi wa vyama vyote viwili ulilipinga, hata hivyo nusura lipite. Juni 2015 Bunge likapitisha sheria ya kusimamisha ukusanyaji huo. Mwaka huohuo jimbo la New Mexico lilifuta utaratibu wa polisi kutaifisha mali ya mtu ambaye hajatiwa hatiani, kwa msukumo wa ACLU, shirika la kiliberali la haki za kiraia, upande mmoja na Institute for Justice, mawakili wa kilibertaria, upande wa pili. Desemba 2018 sheria ya marekebisho ya magereza ilipita Seneti kwa kura 87 dhidi ya 12. ACLU na mtandao wa Koch, mabilionea wafadhili wa walibertaria, walikuwa meza moja.

Sifa za miswada iliyopita ni hizi: inapunguza mamlaka ya dola badala ya kuyaongeza, haihitaji fungu kubwa jipya la bajeti, na haimlazimishi yeyote kubadili kadi ya chama. Mswada ukikosa sifa moja kati ya hizo, msijisumbue.

Kuna shimo moja la zamani ambalo lazima mlitaje mdahaloni. Seneta Barry Goldwater wa Republican alipiga kura dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kwa hoja ya uhuru: dola haina haki ya kumwamuru mwenye hoteli ampokee nani. Mliberali hulisikia hilo kama ruhusa ya ubaguzi. Ni sawa na kumuuliza mlibertaria wa hapa kama mwenye nyumba Masaki ana haki ya kumkatalia mpangaji kwa dini yake. Hapo hakuna kifungu cha katikati. Muungano hubaki hai kwa kukubaliana mapema kwamba sheria za kupinga ubaguzi zilizopo haziguswi na upande wowote.

---

Mdau_Sinza:

Asanteni sana. Wakili na Fundi mmenipa pande mbili za mdahalo bila kukusudia. Swali la nyongeza: hapa kwetu mfumo ni wa aliyeongoza kwa kura ndiye mshindi wa jimbo. Je, hiyo haiui wazo lenyewe kabla hata ya kufika kwenye bajeti?

---

Kura_ya_Segerea:

Haiui, ila inahamisha ugomvi. Kwenye mfumo wa uwiano mnagombana baada ya kura, kugawana wizara. Kwenye mfumo wetu mnagombana kabla ya kura, kugawana majimbo. Ukitaka kuona ugomvi huo kwa macho, chukua UKAWA na Dar ya 2015.

UKAWA ilizaliwa 2014 ndani ya Bunge Maalum la Katiba, kwa jambo moja: kutetea rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi, baadaye NLD. Kiitikadi hawakuwa ndugu. CUF ilikuwa mwanachama wa umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali, CHADEMA iko kwenye umoja wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia. Si waliberali na walibertaria kwa maana ya mada hii, lakini ufundi wa kuungana ni uleule.

Sheria wakati ule haikutambua muungano, kwa hiyo mgombea urais, Edward Lowassa, alisimama kwa tiketi ya CHADEMA na wengine hawakusimamisha. Majimboni wakaachiana. Dar wakati ule ilikuwa na majimbo kumi. Palipoachianwa vizuri walishinda sita: Kinondoni na Temeke kwa CUF, Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga kwa CHADEMA. Segerea hawakuelewana, CHADEMA akasimama, CUF akasimama, CCM ikachukua.

Kilichoivunja baadaye hakikuwa itikadi pia. Mwenyekiti wa CUF, Profesa Lipumba, alijiuzulu Agosti 2015 kupinga uteuzi wa Lowassa, mwaka uliofuata akarudi kudai kiti chake na Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua. Chama kikapasuka, na Machi 2019 Maalim Seif na wenzake wakahamia ACT-Wazalendo. Mkataba ulikuwa wa vyama, lakini haukusema chama kimoja kikipasuka nani anabaki na saini. Kifungu hicho hakuna anayekifikiria siku ya kusaini, na nakiweka juu ya vyote.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 vyama vinaweza kuungana kisheria. Mkataba unaweza kuwa waraka rasmi, si picha ya viongozi wameinuana mikono.

---

Fundi_Bajeti:

Kwa hiyo Mdau, ukiniuliza kifungu cha kwanza kiandikweje, ningeunganisha ya Kura na ya Wakili, kisha nikaweka kanuni ya Zalm chini yake.

Anzeni na orodha fupi ya miswada, isizidi kumi, kila mmoja ukiwa na ibara yake ya Katiba: 16 ya faragha, 18 ya uhuru wa maoni, 20 ya kujumuika, 24 ya mali. Mfano mzuri ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizomtaka mwenye blogu alipe ada za jumla ya takriban shilingi milioni 2.1. Mliberali alizipinga kwa sababu ya sauti ya raia, mlibertaria kwa sababu ya kibali. Sababu mbili, kura moja. Msijaribu kuzifanya sababu ziwe moja. Hapo ndipo vikao huharibika bure.

Orodha ya pili ni ya mambo ya kura huru, ambayo kila mbunge anapiga kwa dhamiri yake na kushindwa hakuhesabiki kuwa usaliti. Bima ya Afya kwa Wote iende humo. Sheria imepita tangu 2023. Mliberali anataka iwafikie watu wengi zaidi haraka, mlibertaria hataki ulazima. Mkiiweka kwenye orodha ya kwanza mtavunjika mwezi wa tatu.

Orodha ya tatu ni ya yasiyoguswa. Kisha ukomo wa matumizi wa miaka mitano, mgawo wa mapato ya ziada, na mtu wa nje anayeaminika na pande zote wa kupiga hesabu. Majimbo mgawane kwa matokeo ya uchaguzi uliopita, aliyekuwa wa pili ndiye asimame, na tarehe ya mwisho ya kukubaliana iwe siku thelathini kabla ya uteuzi. Ikipita bila makubaliano, kanuni ya aliyekuwa wa pili itumike yenyewe bila kikao. Segerea ingeokolewa na kifungu hicho kimoja.

---

Wakili_Upanga:

Nakubaliana, ila ardhi umeiacha wapi? Hiyo ndiyo itakayowagombanisha kuliko bima.

Mlibertaria atataka umiliki kamili. Hapa umiliki huo ulifutwa 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, mtu ana haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mliberali ataogopa kwamba ukirudisha umiliki kamili, vijiji vya pembeni ya mji vitanunuliwa na wachache. Msiingie huko kwa kulijadili lote. Ingieni kwa mlango wa fidia, ambako sheria yenyewe tayari inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Marekani walipitia mlango huohuo. Mwaka 2005, kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, Mahakama ya Juu ilikubali kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mji unaweza kutwaa nyumba za watu ili kampuni binafsi ziendeleze eneo. Majaji wa mrengo wa kiliberali walikuwa upande wa mji. Lakini NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilikuwa upande wa mwenye nyumba pamoja na walibertaria wa Institute for Justice, kwa sababu kilijua ni mitaa ya nani hutwaliwa kwanza. Kesi walishindwa. Baada yake zaidi ya majimbo 40 yalibadili sheria zake za utwaaji.

Kwa mdahalo wa Sinza, mswada wenu wa mfano uandikeni hivi: tathmini ifanyike mwenye nyumba akiwepo, malipo yatangulie kubomoa, na ardhi iliyotwaliwa kwa kazi ya umma isipotumika kwa kazi hiyo ndani ya muda uliotajwa, mwenyewe wa awali apewe nafasi ya kwanza ya kuinunua kwa bei aliyolipwa. Muda huo mtagombana. Mliberali atataka miaka kumi ili miradi ya umma isikwame, mlibertaria atataka mitatu. Anzieni mitano.